Makali ya Akili na Ukali wa Maneno: Juu ya Visawe katika Kamusi Zetu

Mtu atafutaye katika kamusi neno la kumsifu msemaji ambaye kauli yake hupenya hata kiini cha jambo, aghalabu huelekezwa kwenye jamaa moja ya maneno: -kali, -a kukata, -a kuchoma. Sababu yake yajulikana. Kamusi zetu za lugha mbili, tangu zile za A. C. Madan mwanzoni mwa karne ya 20 hata zile zilizotolewa mwaka 1939 kwa jina la Frederick Johnson, zilimwelekea kwanza msomaji wa Kiingereza. Na katika Kiingereza kisu kimoja hufanya kazi mbili, kuumiza na kufahamu. Nathubutu kusema kwamba Kiswahili hakikuyapanga mambo hivyo.

Njia nyepesi ya kupima ni kuuliza kinyume. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu. Kinyume cha mbwa mkali ni mbwa mpole. Je, kinyume cha maneno makali ni nini? Hapana mtu wa Bagamoyo, wala wa Kunduchi, wala wa Saadani, atakayejibu kuwa ni maneno butu. Atasema maneno matamu, au maneno laini, au ya upole. Basi ukali wa maneno si ukali wa kisu; ni ule wa mbwa, wa jua na wa pilipili. Ama akili, hali yake ni nyingine: akili kali kinyume chake ni akili butu, na hapo ndipo kisu kinapoingia.

Tukiendelea kidogo twaona jambo la ajabu zaidi. Akili kali ni sifa, ilhali maneno makali ni lawama, au kwa uchache ni onyo. Maneno mazito ni sifa, ilhali akili nzito ni aibu. Na mwenye ulimi mzito ni yule asiyeweza kusema vema. Yaani vivumishi hivi viwili hubadilishana nafasi kadiri nomino inavyobadilika. Msemaji bora, kwa hesabu ya lugha yenyewe, ni mwenye akili kali atoaye maneno mazito. Sijui kamusi iliyoyaweka mambo haya mawili pamoja mbele ya msomaji, na hili si dogo, kwa kuwa mwanafunzi wa kigeni, na siku hizi hata mwanafunzi wetu wa mijini, huchukua -kali kuwa ni sifa popote inapokwenda.

Maneno yanayosifu kauli yenye ufahamu hutoka mahali pengine kabisa. Lipo kuntu, ambalo husemwa barazani mara msemaji anyamazapo: maneno kuntu, yaani yamekaa mahali pake, hayana la kuongezwa. Lipo pevu, neno la mkulima: tunda pevu ni lililokwisha kukua, hata kama halijawa bivu, na akili pevu vivyo hivyo imefika kimo chake. (Watu wa pwani, wenye kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kwa mti mmoja tu, hawakosi jicho la kupambanua vipeo vya kukua.) Lipo -a kina, la mtu wa bahari. Uzito, ukuaji, kina: katika yote hayo hapana wembe.

Wembe wenyewe twaukuta katika kijembe. Kwa umbo ni jembe dogo, lakini kwa matumizi ni wembe au kisu kidogo, na kwa maana ya tatu ni neno la kumsema mtu bila ya kumtaja. Hapa ndipo visawe vinapotudanganya zaidi. Tukiandika kijembe, mpasho, kejeli, tashtiti na masimango katika mstari mmoja, tumesema kweli kidogo tu. Kijembe sharti kiwe na fumbo. Arushaye aweza kukana, na ajibuye amekiri kwamba kimempata. Mpasho, uliovuma katika taarabu ya Dar es Salaam miaka ya 1990, hauhitaji fumbo kiasi hicho. Watazamaji wamjua apashwaye, na ladha imo katika kujua kwao. Masimango nayo hudai fadhila ya zamani: hawezi kunisimanga mtu ambaye hakunitendea wema wowote. Na hayo yote hubadilika panapokuwa na utani. Mzaramo na Mnyamwezi, ambao utani wao aghalabu huhusishwa na misafara iliyokuwa ikiishia Bagamoyo katika karne ya 19, waweza kuambiana hata msibani maneno ambayo baina ya watu wengine yangeleta ugomvi. Maneno ni yale yale; aliyekosekana ni mwenye haki ya kukasirika.

Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed (1998) ilikuwa kazi ya lazima, nami huitumia. Lakini kuweka neno kando ya neno hakumwambii msomaji nani aweza kulitamka mbele ya nani, wala nomino ipi yalikubali. Charles Sacleux, padre aliyefika pwani hii mwaka 1879, alijitahidi katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa kuonyesha neno ni la lahaja ipi. Jitihada ya namna hiyo yatakiwa sasa kwa mahusiano ya wasemaji.

Jambo hili latugusa sisi wahakiki. Tumezoea kusifu uhakiki mkali, nasi twashangaa mtunzi kijana akinuna. Naye amelisikia neno kama lilivyo, amefahamu kwamba amekaripiwa. Lugha ilikuwa imetupa kuchambua, kazi ya vidole: kutenga pamba na mbegu zake, au karafuu na vikonyo, pasipo kukiharibu kinachobaki. Kamusi zatoa maana hizo mbili, ya pamba na ya maandishi, kwa nambari tofauti. Ningependa toleo lijalo liziunganishe kwa mfano mmoja wa matumizi, na chini ya -kali liandikwe kinyume chake kwa kila nomino: butu kwa kisu na akili, -pole kwa mbwa, -tamu na laini kwa maneno.