Makaburi ya Ur: yaliyoonwa na yaliyodhaniwa

Kila mara katekista anapofikia habari za Abrahamu, anataja mji wa Ur ya Wakaldayo. Na kama amesoma kidogo, anaongeza ya kuwa wataalamu waliuchimbua mji ule, wakakuta matope ya gharika, wakakuta hata kondoo dume aliyenaswa kichakani kwa pembe zake. Maneno hayo yote yanatoka kwa mtu mmoja, Mwingereza Leonard Woolley. Mtu huyo alituachia vitabu viwili ambavyo haifai kuvichanganya. Kimoja, Ur of the Chaldees, kilitoka mwaka wa 1929 kwa ajili ya watu wote, nacho kilisomwa sana. Cha pili, The Royal Cemetery, cha mwaka wa 1934, ni mabuku mawili makubwa, moja la maneno na moja la picha, nacho kinafunguliwa na wachache. Mimi nasema waziwazi: kitabu kidogo ni kitamu, lakini kitabu kikubwa ndicho cha kweli, na mwalimu wa dini anayejua kile kidogo tu anafundisha juu ya mchanga.

Tuanze na sifa, kwani Woolley anastahili sifa. Aliongoza kazi pale Tell el-Muqayyar, kusini ya Iraki, tangu 1922 hata 1934, kwa gharama za British Museum ya London na nyumba ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Tangu mwaka ule wa kwanza shimo lake moja lilitoa shanga za dhahabu. Mtu mwingine angalirukia pale na jembe. Woolley alifunika shimo, akangoja miaka minne. Aliona ya kuwa wafanyakazi wake Waarabu hawajazoea kazi, na yeye mwenyewe hajajua bado tabaka za udongo ule. Kaburi likichimbwa vibaya halichimbwi mara ya pili. Kwa muda ule aliwazoeza watu, akisaidiwa na mnyapara wake mashuhuri Hamoudi, akawapa zawadi ya fedha kwa kila kitu walichokiokota, ili kitu kidogo kisipotee mfukoni. Ndipo mwaka wa 1926 alipoanza makaburi yenyewe. Alihesabu karibu 1,850. Kati ya hayo 16 aliyaita makaburi ya wafalme. Ni ya miaka kama 2,500 mbele ya Yezu Kristu, au zaidi kidogo. Woolley aliyadhania kuwa ya kale kuliko hapo, karibu miaka elfu nzima.

Sehemu inayonipendeza kuliko zote katika kitabu kikubwa ni habari ya vitu vilivyokwisha kuoza. Mti wa kinubi ukioza ndani ya udongo, unaacha tundu tu. Mchimbaji mwenye haraka analiponda bila kujua. Woolley alimimina ndani ya matundu yale plasta ya majimaji, akangoja igande, kisha akaondoa udongo: akakuta mbele yake umbo la kinubi ambacho mti wake umekwisha kupotea tangu zamani za zamani. Vitu vilivyopondwa alivimwagia nta ya moto, akavifunga kwa kitambaa, akaviinua kipande kizima, bila kuacha shanga moja kutoka mahali pake. Na kila kaburi lilipata namba yake, kipimo chake, na orodha ya vitu vyake.

Wasomaji wetu watafurahi kujua ya kuwa mapadri wawili walifanya kazi pamoja naye ya kusoma maandiko: Padri Léon Legrain, Mfaransa, na Padri Eric Burrows, Myezuiti. Na mwezi wa kwanza wa 1928, kaburi la malkia lilipoonekana zima, halikuguswa na wezi, Woolley alituma telegramu Philadelphia kwa Kilatini, ili habari ya dhahabu isienee njiani. Wasemineri wanaolalamika ya kuwa Kilatini hakina faida walitie neno hilo akilini.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika shimo la namba 1237, Woolley alikuta maiti 74: wanaume 6 karibu na mlango, na wanawake 68 wamelazwa kwa safu, wamevikwa mapambo ya dhahabu, ya lapisi lazuli na ya akiki nyekundu. Katika kitabu kikubwa kila mwili una namba yake kwenye ramani. Hayo aliyaona. Lakini walikufa namna gani? Woolley aliona vikombe karibu nao, aliona ya kuwa safu hazikuvurugika. Akasema walishuka kwa miguu yao wenyewe, wakanywa sumu au dawa ya usingizi, wakalala kwa amani, wapate kumtumikia bwana wao huko ng’ambo. Ndipo anaposimulia habari inayojulikana sana: msichana mmoja hakuvaa utepe wake wa fedha kichwani, ulikutwa umekunjwa kiunoni pake, kama umetiwa mfukoni. Labda, anasema Woolley, alichelewa siku ile, akakosa nafasi ya kuuvaa.

Utepe uliokunjwa ni kweli. Msichana aliyechelewa ni hadithi. Simkatazi Woolley kuwahurumia watu wake, hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilimhurumia yule binti. Lakini tazameni ubaya wa jambo: hadithi inawafanya watu 74 kuwa wenye mapenzi, na waliowaua wanatoweka kabisa. Sisi tunaofundisha tofauti ya shahidi na mtu aliyeuawa, ya sadaka na dhuluma, hatuwezi kulipita jambo hilo mbiombio.

Baadaye neno la Woolley lilipata kupimwa. Wataalamu wa Pennsylvania walichukua mafuvu mawili yaliyohifadhiwa, moja la mwanamke wa shimo hilo la 1237, jingine la askari wa kaburi la 789, wakayapiga picha kwa mashini inayoona ndani ya mfupa. Mwaka wa 2011 walitangaza matokeo: vichwa vyote viwili vilipigwa kwa chombo chenye ncha. Tena kulikuwa na alama za moto na za zebaki, kana kwamba maiti zilitunzwa zisioze upesi, kisha zikapangwa kwa safu. Kama ni hivyo, ule utulivu alioustaajabia Woolley ulitengenezwa na mikono ya wengine. Mafuvu mawili si 74, ni kweli. Walakini wapimaji waliweza kujua fuvu lilitoka mwili gani, wa kaburi gani, ulilala wapi, kwa sababu Woolley aliandika namba. Hadithi yake ilipingwa kwa daftari yake mwenyewe.

Majina aliyovipa vitu yanahitaji uangalifu uleule. Yule “kondoo dume kichakani” wa Kitabu cha Mwanzo, sura ya 22, ni mbuzi anayesimama kwa miguu ya nyuma kwenye mti wenye maua ya dhahabu. Tena wako wawili, mmoja London na mmoja Philadelphia, nao ni wazee kuliko Abrahamu kwa mamia ya miaka. Ile “bendera ya Ur” ni sanduku dogo ambalo Woolley alilidhania kuwa lilibebwa juu ya mti. Kazi yake haijulikani. Malkia aliyemwita Shubad, leo muhuri wake unasomwa Puabi. Na gharika? Mwaka wa 1929, akishuka chini ya makaburi, alipita katika matope safi, unene wake zaidi ya meta mbili, akatangaza kwamba ni ya Noe. Lakini Eridu, mji wa jirani, walipochimba hawakukuta tabaka hilo. Mto ulifurika Ur, basi. Katekista asilichukue shimo lile kuwa ushuhuda wa Neno la Mungu, maana Neno la Mungu halikuliomba. Wala jina la Abrahamu halikuonekana Ur mahali po pote.

Lawama yangu kubwa kwa kitabu kikubwa ni moja. Dhahabu yote ilipimwa, ikafungwa kwa nta, ikagawanywa kati ya Bagdad, London na Philadelphia. Lakini mifupa ya watu mingi haikuhifadhiwa. Ilikuwa imepondwa na udongo, naelewa. Lakini shanga nazo zilipondwa, na nta ilipatikana. Ndiyo sababu swali la wale wanawake 68 linategemea mafuvu machache tu, na wengi wao wamebaki namba juu ya ramani.