Shindano la Nyimbo na Lugha ya Mshindi

Husemwa mara nyingi kwamba televisheni humzaa msanii kwa usiku mmoja. Mfano utajwao kwanza ni kundi la ABBA la Uswidi, lililoshinda shindano la Eurovision mjini Brighton, Uingereza, tarehe 6 Aprili 1974 kwa wimbo «Waterloo». Wanaousimulia ushindi huo husahau kuuliza swali jepesi: wimbo uliimbwa kwa lugha gani?

Uliimbwa kwa Kiingereza, jambo ambalo mwaka 1972 lisingeruhusiwa. Tangu 1966 kanuni ya Eurovision ilimlazimisha kila mshiriki aimbe kwa lugha ya nchi anayoiwakilisha. Kanuni hiyo iliondolewa 1973, ikarudishwa 1977, ikaondolewa tena 1999. ABBA walipita katika mwanya huo wa kwanza, uliokuwa mfupi. Katika mchujo wa kwao waliuimba wimbo uleule kwa Kiswidi. Walipofika Brighton wakauvika lugha nyingine. Waamuzi wa Uingereza, wenye lugha yao, hawakuwapa hata pointi moja (kichekesho kinachostahili kukumbukwa), lakini mwezi uliofuata wanunuzi wa santuri wa nchi hiyohiyo waliupandisha hadi nafasi ya kwanza. Hata hivyo, nyimbo zao zilizofuata zilisuasua huko Uingereza mpaka ilipotoka «SOS» mwaka 1975. Jukwaa liliwatambulisha tu. Kazi ya kudumu ilikuwa bado.

Naye Céline Dion, ambaye tayari alikuwa na jina kwao Quebec, aliishindia Uswisi mwaka 1988 kwa wimbo wa Kifaransa. Umaarufu wake katika ulimwengu wa Kiingereza ulianza na albamu yake ya kwanza ya lugha hiyo, ya mwaka 1990. Yaweza kupingwa kwamba Salvador Sobral alishinda kwa Kireno mwaka 2017, na kundi la Måneskin kwa Kiitalia mwaka 2021. Ni kweli. Lakini baada ya ushindi wa Måneskin, wimbo wao ulioenea mno duniani ni «Beggin'», walioutoa mwaka 2017, tena wa Kiingereza. Kura huweza kuiheshimu lugha ambayo soko haliijali.

Jambo hili haliko mbali na wasemaji wa Kiswahili wa Kongo. Innoss'B, mzaliwa wa Goma, alishinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mtoto. Kishindo chake nje ya mipaka kilikuja 2019 kwa «Yo Pé», wimbo wenye jina la Kilingala, uliorudiwa mwaka huohuo pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Kati ya taji na kishindo hicho ilipita miaka tisa, ambayo mhakiki anayehesabu kura za fainali peke yake hawezi kuieleza. Tena kijana wa mji unaosema Kiswahili aliwafikia Waswahili wa Dar es Salaam kwa mlango wa Kilingala.

Hapo ndipo waandaaji wa mashindano ya Kongo wanapopaswa kuulizwa. Kijana wa Bukavu au Lubumbashi apandaye jukwaani na wimbo wa Kiswahili, je, hupimwa kwa mizani ileile apimwayo mwenzake wa Kinshasa, au huwa ameshashauriwa mlangoni abadilishe lugha?