“Usiguse” haitoshi

Umeliona lile bango la fuvu: “Hatari! Usiguse.” Shida ni kwamba mafunzo mengi ya usalama wa umeme nayo yanaishia hapohapo.

Chukulia Goweko, mkoani Tabora. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na fundi wa njia hiyo amezoea treni za dizeli, hakuna waya juu ya kichwa. SGR ya Makutupora–Tabora ni ya volti 25,000. Nyumbani kwako ni 230. Kwa volti hizo umeme huruka hewani, hivyo ukisogea mno umekwisha hata kabla ya kugusa. Reli za Uingereza, zenye volti hizohizo, hufundisha kukaa mita 2.75, ukihesabu na ngazi uliyobeba.

Halafu kuna “umeme umezimwa.” Waya uliozimwa bado hupata volti kutoka kwa waya jirani ulio hai. Kwa hiyo: zima, funga kufuli, pima, ndipo uunganishe na ardhi. Kwa nini kupima kwanza? Ukiunganisha waya ulio hai, cheche zitakulipukia usoni.

Fundi apewe sababu hizo. Fuvu peke yake linamtisha tu, halimfundishi.