«KUJITEGEMEA»: NENO MOJA KATIKA DARASA LA ELIMUJAMII

Makala ya Julius K. Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967 kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, imo katika maandishi ambayo mwanachuo wa elimu na elimujamii nchini Tanzania hana budi kuyajua. Sifa yake ya kwanza ni lugha. Jinsi shule inavyomtenga mtoto na jamii yake, na jinsi mtihani unavyotukuza wachache, kumeelezwa kwa maneno ya kila siku.

Hata hivyo, neno lililobeba makala nzima lina pande mbili. Mwandishi alikusudia umoja: taifa, kijiji na shule vijitegemee kwa kazi ya pamoja. Katika mazungumzo ya kawaida, kijana anayejitegemea ni yule aliyeondoka kwa wazazi, akajilisha kwa pato lake. Katika kamusi tofauti hiyo ni ndogo; Shinyanga na Geita ni kubwa mno.

Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa 1940. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Nje ya migodi hiyo wamo wachimbaji wadogo. Huko mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe. Mawe husagwa kwa karasha, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza kazi za watoto katika machimbo ya Geita na Kahama. Mtoto aachaye shule akabebe mawe aweza kusifiwa kuwa anajitegemea, kwa neno lile lile ambalo makala yalitumia kuitetea shule. Hapo ndipo penye upungufu wa makala: imejengwa juu ya kijiji cha wakulima na shamba la shule, wala haimjibu mtoto huyu.

Upungufu huo wafaa sana kufundishwa, lakini mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, na katika tafsiri hiyo pande mbili za neno hazionekani tena. Vivyo hivyo mgawanyo wa kazi, alioueleza Durkheim mwaka 1893, hukaririwa kama fasili, ilhali duara moja lingetosha kuanzisha mjadala: nani apata mifuko mingapi, na kwa haki gani?

Kutafuta istilahi mpya hakutoshi. Yapasa makala isomwe darasani kwa Kiswahili chake, na neno lake kuu lipimwe kwa matumizi ya watu. Mwanachuo atakayepelekwa kufundisha Geita atakutana na mzazi anayelielewa kwa maana ile nyingine. Asipojua maana zote mbili, atamhubiria mzazi huyo bila kujua kwamba wanabishana juu ya neno.