Mali imepokelewa, karatasi inasema hajaolewa

Kijitabu hiki kimezoea kusifu desturi za wazee, na sisi wenyewe tulikwisha kuzisifu humu. Safari hii tunaomba ruhusa tukosoe, maana kuna jambo linalotendeka Zongwe na Kalemie yote, kila mtu analiona, na hakuna anayelisema mkutanoni.

Kijana wetu yuko Bulaya ao Marekani. Wengi walipitia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Sasa anataka mwenzake wa nyumbani. Anatuma pesa, wajomba wanakaa, mali inapokelewa, mbuzi anachinjwa, picha zinapigwa. Kisha binti anatumwa ofisini kuomba attestation de célibat, karatasi ya kusema hajaolewa.

Tuiangalie karatasi yenyewe. Jina, wazazi, kijiji, halafu neno moja, célibataire, na kashe chini. Hapo safari inaanza: sahihi ya mkubwa wa kwetu inahakikishwa na mkubwa mwingine, mpaka wizara ya mambo ya kigeni Kinshasa, zaidi ya kilomita 1.500 kutoka ziwa letu, mwishowe ubalozi. Jirani zetu wa Burundi tangu 2015, na Rwanda tangu 2024, wamo katika mapatano ya La Haye ya 1961, ambamo kashe moja tu, apostille, inatosha. Sisi bado tunapanda ngazi. Na kila kashe inashuhudia nini? Kwamba sahihi iliyotangulia ni ya kweli, basi. Kama binti ameolewa, hilo linamtegemea mwandishi wa kwanza, naye anafungua daftari. Daftari haina kitu, sababu ndoa zetu nyingi hazikuandikwa humo kamwe.

Je, karatasi inasema uongo? Tusikimbie. Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, inasema ndoa haiwezi kufungwa kama mali haijatolewa, angalau sehemu yake. Basi kwa sheria mali inatangulia ndoa, siyo ndoa yenyewe. Lakini sheria hiyo hiyo inatambua ndoa inayofungwa katika jamaa, na inaagiza iandikishwe. Siku ile ya mbuzi tulifanya lipi? Wazee wanajibu kufuatana na anayeuliza. Kijana mwingine akimsogelea binti, wanamwambia, "Huyu ni bibi ya mtu." Ofisa akiuliza, wanasema, "Ni mtoto wetu, bado kuolewa."

Wageni nao wanachanganyikiwa. Viza ya wachumba ya Marekani inataka wote wawili wawe huru kuoana, na wawe wamekutana uso kwa uso katika miaka miwili kabla ya ombi. Weka ndani ya dosie picha za sherehe, wakwe wamekaa mkekani, na mkaguzi anaweza kuuliza: wachumba gani hawa, kama wamekwisha kuoana? Ndipo mtu wa kutengeneza dosie anashauri picha zifichwe. Desturi tunayojivunia imekuwa kitu cha kuficha.

Linalotuuma zaidi si viza. Tunamjua binti mmoja wa jamaa ya karibu, hatutamtaja. Mali ilipokelewa, bwana akaja majuma matatu, akaacha mimba, karatasi ikatoka, dosie ikakwama. Simu zikapungua, kisha kimya. Tukasikia amekwisha kuoa kule. Kumbe naye alikuwa na karatasi yake ya célibataire, yenye kashe zote, sababu hakuna daftari iliyomwandika. Binti haolewi na mwingine mpaka mali irudishwe, na mali ilikwisha kuliwa. Akienda tribinali kudai haki ya bibi, ataonyeshwa karatasi aliyoiomba yeye mwenyewe. Kwa mila ni bibi ya mtu, kwa leta ni msichana, na mtoto analishwa na nyanya yake.

Wanatujibu kwamba mila ni ya kale, karatasi ni ya jana. Kweli. Kwa Batabwa, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mjomba ndiye aliyekuwa daftari: alijua nini kilipokelewa, kwa nani, na mbele ya nani. Lakini daftari ile haikuwa na kurasa mbili, moja ya jirani na moja ya ofisa.

Sisi tunaomba hivi: kabla ya kuchinja, wajomba waseme kwa sauti, na waandike, leo ni uchumba ao leo ni ndoa. Kama ni ndoa, twende wote état civil, na viza iombwe kama bibi. Njia hiyo ipo. Kama ni uchumba, mali iwe kidogo, na kijana asiporudi kwa muda uliopatanwa, binti awe huru bila kurudisha kitu.

Tulipoyasema hayo nyumbani, mjomba mmoja aliuliza: "Na mbuzi je?" Tukamwambia mbuzi anaweza kungoja. Hakupenda.