Gramu 14 Kabla ya Safari: Jinsi Kifafa cha Mimba Kinavyozuiwa

Kifafa cha mimba ni degedege linalompata mjamzito, au mama aliyetoka kujifungua, ambaye presha yake imepandishwa na ujauzito wenyewe. Hatari huonekana mapema kwa anayepimwa. Baada ya wiki ya 20 presha hufika 140/90 au kupita, na mara nyingi mkojo huonyesha protini. Ikifika 160/110, au mama akiumwa sana kichwa, akiona maluweluwe, au akipata maumivu ya chembe cha moyo, hali huhesabiwa kuwa kali na degedege huweza kutokea wakati wowote.

Dawa ya kulizuia ni salfeti ya magnesiamu. Hii si dawa ya presha; presha ina dawa zake, kama hidralazini, nifedipini na methildopa. Magnesiamu hutuliza mishipa ya fahamu, na hudhaniwa pia kwamba hutanua mishipa midogo ya damu ya ubongo. Kwa hiyo mama mwenye hali kali huhitaji dawa zote mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Magnesiamu ilitumika kwa miongo mingi kabla ya ubora wake kuthibitishwa. Mwaka 1995 utafiti wa kimataifa uliohusisha wanawake waliokwisha kupata kifafa cha mimba ulionyesha kwamba waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege kwa nusu ya kiwango cha waliopewa diazepamu, na kwa theluthi moja ya kiwango cha waliopewa fenitoini. Lilibaki swali la kinga: je, inafaa kumpa mama ambaye bado hajapata degedege? Jibu lilitolewa mwaka 2002 na utafiti wa Magpie, uliofanyika katika nchi 33 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000. Nusu yao walipewa magnesiamu, nusu wakapewa sindano isiyo na dawa. Degedege liliwapata asilimia 0.8 ya kundi la kwanza na asilimia 1.9 ya kundi la pili. Kero iliyolalamikiwa zaidi ilikuwa joto la ghafla mwilini na usoni.

Kwenye vituo visivyo na pampu ya dripu hufuatwa utaratibu uitwao wa Pritchard. Dozi ya kuanzia ni gramu 14, nayo hugawanywa mara mbili. Gramu 4 huingia kwenye mshipa: mililita 8 za dawa ya asilimia 50 huchanganywa na mililita 12 za maji ya sindano, na mchanganyiko huo husukumwa polepole kwa dakika 5 au zaidi. Gramu 10 zilizobaki huchomwa kwenye msuli, gramu 5 kila kalio, zikiwa na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 ili kupunguza maumivu. Sindano ya mshipani hufanya kazi mara moja. Ile ya msulini huachia dawa kidogo kidogo. Baada ya hapo hutolewa gramu 5 kila saa 4, kwa zamu ya makalio, hadi zitimie saa 24 tangu mama ajifungue au tangu degedege la mwisho, kutegemea lipi limetokea baadaye.

Magnesiamu hutolewa mwilini na figo, hivyo figo zikilegea dawa hujikusanya hadi kuwa sumu. Kabla ya kila dozi ya marudio muuguzi hukagua mambo matatu: mama avute pumzi mara 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa mguu uitikie, na mkojo uwe umetoka angalau mililita 30 kwa saa, kwa wastani wa saa 4 zilizopita. Kati ya dalili za sumu, goti hukoma kuitikia kabla pumzi haijafifia, na ndiyo maana kigongo kidogo cha kugongea goti kina kazi kubwa kuliko mashine. Dawa ikizidi, kiuasumu ni gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, nayo huingizwa mshipani taratibu. Haifai kukosekana kando ya kitanda.

Dozi hii ya kuanzia ina maana ya pekee kwa pwani kama ya Mchinga, kaskazini mwa mji wa Lindi. Mfumo wa afya wa Tanzania huanzia zahanati ya kijiji, hupanda kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kwa mkoa huu hospitali ya rufaa ni ya Sokoine mjini Lindi. Degedege halisubiri gari. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 kwamba kituo kisichoweza kutoa tiba kamili kimpe mama dozi ya kuanzia, kisha kimpeleke mara moja kituo cha juu. Dawa iliyo msulini humlinda kwa takriban saa 4, muda unaoweza kutosha safari. Barua ya rufaa lazima itaje kiasi kilichotolewa na saa, ili anayempokea asirudie dozi nzima.

Mnyororo huo hukatika kirahisi: kipimo cha presha kibovu, vikaratasi vya kupimia mkojo vilivyokwisha, au muuguzi anayeogopa kuchoma gramu 14 peke yake usiku. Utafiti wa kutosha umekwisha kufanyika. Kinachookoa ni presha iliyopimwa kila hudhurio la kliniki na sindano iliyochomwa kabla gari halijawashwa.