Baraza na Barza: Neno Lililoachwa Nje ya Historia ya Usanifu Majengo wa Kisasa

Historia ya usanifu majengo wa kisasa wa Magharibi, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi vya vyuo vikuu, ni safari yenye vituo maalumu. Huanza na chuma na kioo cha karne ya 19, ikapitia shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919, ikatua Poissy, karibu na Paris, ambako Villa Savoye ya Le Corbusier ilikamilika mwaka 1931, kisha ikavuka bahari hadi New York, ambako maonyesho ya mwaka 1932 yaliupa mwelekeo huo jina la "Mtindo wa Kimataifa". Afrika huingia katika sura za mwisho, tena kama mpokeaji: hupewa zege, hupewa kioo, hupewa wasanifu. Kitabu cha Sigfried Giedion kilichotoka mwaka 1941, ambacho kimesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi, kina nafasi kubwa kwa Roma, Paris na Chicago; kwa Afrika ya Mashariki hakina. Kasoro ya simulizi hili haimo katika tarehe zake. Imo katika mwelekeo wa safari, na neno moja la Kiswahili linatosha kuidhihirisha.

Katika Kifaransa cha Kongo ya Wabelgiji, sehemu ya nyumba iliyo mbele ya mlango, yenye paa lakini isiyo na ukuta, iliitwa barza. Neno hilo ni baraza la Kiswahili, lililopoteza irabu yake ya kati katika vinywa vya Wazungu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Kifaransa hakikuwa na upungufu: kilikuwa tayari na neno véranda, lililofika Ulaya kutoka India. Lugha iliyo na neno lake haiazimi la jirani bila sababu. Ofisa wa Kibelgiji aliyefika mashariki ya Kongo mwishoni mwa karne ya 19 alikikuta Kiswahili kikiwa lugha ya biashara na ya amri. Alizikuta pia nyumba ambazo mbele yake mgeni huketishwa, kitambaa hupimwa na shauri husikilizwa. Alipojenga nyumba yake alihitaji mahali pa kuwapokea machifu bila kuwaingiza ndani. Mahali hapo palikuwa na jina, naye akalichukua jina pamoja na kazi yake.

Neno hilo baadaye lilirudi. Mwaka 1998 viongozi wa jamii mbalimbali za Kivu ya Kaskazini waliunda chombo cha upatanishi mjini Goma, wakakiita Barza Intercommunautaire. Kilidumu hadi mwaka 2005. Wasemaji wa Kiswahili walilipokea neno lao likiwa limevaa mavazi ya Kifaransa, na hapa halikumaanisha upenu tena bali kikao. Kiswahili chenyewe hakijawahi kuzitenganisha maana hizi mbili, ingawa sarufi inazipa alama: wasemaji wengi husema baraza ya nyumba, lakini baraza la wazee. Mahali pa kuketi na watu walioketi ni neno moja.

Msomaji wa Fizi au Baraka hana haja ya kwenda mbali kupata ushahidi. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, ng'ambo ya ziwa, mazungumzo yao hayakuanzia chumbani. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, waliketi juu ya jukwaa la udongo, chini ya upenu mpana wa tembe, na umati wa watu wa mji ukiwa mbele yao. Waandishi wengi wameshughulikia salamu iliyotolewa siku ile. Mahali pa kuketi pamepita bila kuchunguzwa. Mwaka huohuo wawili hao walisafiri kwa mtumbwi hadi mto Rusizi, na wafanyabiashara wa Ujiji walikwisha kuzoea kuvuka hadi mwambao huu wa magharibi. Baraka yenyewe inalitangaza jambo hili kwa jina lake. Aidha, baraza haikufika mahali patupu. Wabembe walikuwa na lubunga, mahali ambapo wanaume hukutana, hula pamoja na kuamua mashauri. Kwa hiyo umbo la pwani lilipofika Fizi lilikuta kazi yake imekwisha kufanywa kwa jina jingine.

Huko pwani penyewe, nyumba ya mawe ya Lamu huwa na daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango, kabla mgeni hajajua kama ataingia. Na neno sakafu lina funzo lake. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Katika Kiswahili limekuwa jina la pale panapokanyagwa. Mageuzi hayo ya maana yanaeleweka pindi mtu anapokumbuka kwamba katika nyumba ya ghorofa ya mawe na boriti, dari ya wa chini ndiyo sakafu ya wa juu, na paa tambarare ni mahali pa kupanda. Le Corbusier alipotaja bustani ya juu ya paa miongoni mwa kanuni zake tano katika miaka ya 1920, wasomaji wake wa Ulaya waliiona kuwa jambo jipya. Msamiati wa waashi wa Lamu ungewapunguzia mshangao.

Inaweza kujibiwa kwamba wasanifu wa Magharibi waliitambua baraza, kwani "usanifu wa kitropiki" wa miaka ya 1950 umejaa vivuli na kumbi za wazi. Kwa hakika ndivyo. Maxwell Fry na Jane Drew walitoa kitabu chao kuhusu ujenzi katika nchi za joto na unyevu mwaka 1956, nacho kina manufaa hadi leo. Lakini katika maandishi ya aina hiyo upenu huelezwa zaidi kwa jua, mvua na mwendo wa hewa. Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo maana ni vigumu kuuona upungufu wake. Kwa kuifanya baraza kuwa kifaa cha kupoza nyumba, yaliondoa mtu aliyeketi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni nyumba za alumini za Jean Prouvé zilizopelekwa Niamey mwaka 1949 na Brazzaville mwaka 1951. Zilizungukwa na veranda yenye vizuia jua vya kurekebishwa. Mwaka 2000 zilifunguliwa na kurudishwa Ulaya, na mwaka 2007 mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5. Veranda yake ilithaminiwa kama kazi ya sanaa, mbali na jua lililokuwa sababu yake ya kuwapo.

Pale wenyeji walipobaki na majengo, hadithi ilikuwa nyingine. Huko Zanzibar, majumba marefu ya Michenzani yalijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mipango ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki, katika eneo la Ng'ambo ambako nyumba za chini zilizoea kuwa na baraza. Nyumba zilipanda hewani. Mazungumzo yalibaki ardhini. Maskani ya Kisonge, mashuhuri kwa siasa zake na ubao wake wa maneno makali, iko hapohapo Michenzani, chini ya majengo ambayo hayakuipangia mahali.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa baraza ni kitu kisicho na lawama. Garth Myers, katika kitabu chake cha 2003, Verandahs of Power, ameonesha jinsi serikali za kikoloni zilivyotawala miji ya Afrika kwa kupanga mahali, na veranda haikupewa nafasi katika jina la kitabu hicho kwa bahati. Nchini Kenya "baraza ya chifu" ilikuwa mahali pa kupokea amri kuliko kutoa maoni. Na lubunga ni ya wanaume. Mwanamke wa pwani naye alikuwa na ua, ambao wanahistoria wameuchunguza kwa nadra kuliko daka. Mhakiki anayeipigania baraza bila kusema haya atakuwa ameiondolea tena watu wake.

Suala hili si la maktaba peke yake. Hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa michoro ya kundi la MASS la Marekani, imeweka njia na mahali pa kungojea nje ili kupunguza maambukizi yanayosafiri kwa hewa. Ni jengo zuri, na sababu yake ni nzuri, ila ni ileile ya Fry na Drew: hewa. Katika tarafa ya Fizi, tangu wakimbizi walipoanza kurejea kutoka Kigoma mwaka 2005, na tangu Warundi walipopokelewa Lusenda mwaka 2015, makazi ya dharura yamekuwa sehemu ya ujenzi wa eneo hili. Kipimo kinachojulikana kimataifa kwa makazi hayo, cha Sphere, ni meta za mraba 3.5 kwa kila mtu chini ya paa. Kipimo hicho kinahesabu miili inayolala. Mahali ambapo mzee wa nyumba iliyobomolewa atasikiliza shauri la shamba lililochukuliwa na mwingine wakati wa vita hapamo katika hesabu, na shauri hilo haliwezi kusikilizwa kitandani. Hivyo hujengwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa miti minne na majani, nje ya mchoro.